Mkanda wa Fisi Maji

Mdogo wangu Thadeo walimkamata amelala kifudifudi kwenye majabali ya Murangi, kajipaka utumbo wa samaki mpaka masikioni, na mkononi kashika kamera ya marehemu mume wangu. Mwaka wenyewe ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi. Sasa mtu wa namna hiyo unaanzaje kumtetea?

Mimi ni Eufrasia. Musoma mjini wananiita Mama Alfonce wa studio, kwa sababu ya mwanangu na kwa sababu ya chumba cha picha alichoniachia baba yake. Kama umewahi kupigwa picha ya kitambulisho pale kwangu, unajua sina subira. Mtu nikimwambia atulie halafu akapepesa macho, namtoa kwenye kiti anaingia mwingine. Subira yote ya nyumba yetu alizaliwa nayo Thadeo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Murangi, na Jumamosi, wenzake wakienda shambani au kilabuni, yeye alikuwa anatembeaga kando ya ziwa na kamera niliyomwazima, anapiga picha ndege na kenge, halafu anakaa juu ya jiwe anatunga mashairi. Nilishamwambia atafute mke. Akanijibu kwamba kwa sasa anamsubiri ndege mmoja, mnandi, akaushe mabawa.

Padri mmoja wa misheni ya Makoko ndiye aliyemharibu zaidi. Alisoma mashairi yake akayapenda, wakakubaliana watoe kalenda ya viumbe wa ziwani, kila mwezi picha moja na ubeti mmoja. Furukombe walikuwa naye, korongo walikuwa naye, hata pimbi wa kwenye mawe ya Butiama walimtia humo ingawa ziwa hajawahi kuliona. Ilibaki Desemba, na Desemba Thadeo alitaka fisi maji, hataki kingine.

Jamani, fisi maji kwetu si mnyama wa kuwekwa ukutani. Ni mwizi. Anachana nyavu, anakula sato, anakuachia kichwa uende nacho nyumbani ukamweleze mkeo. Na ni mwoga kupita kiasi, akisikia harufu ya binadamu kazama. Ndiyo sababu ya ule utumbo wa samaki. Thadeo alikuwa anajipaka, anajilaza nyuma ya matete kabla jua halijatoka, na hatikisiki hata siafu wakimpanda. Mkanda wa kupigia picha alikuwa na mmoja tu, alioletewa na padri, maana mwaka ule ungezunguka kutoka Musoma mpaka Mwanza usiupate, kama ambavyo usingepata sukari wala sabuni.

Sisi watu wa ziwani tuna desturi yetu. Majini unakwenda na shughuli inayoonekana. Una nyavu, una ndoana, una ndoo ya nguo, au unakwenda kuoga. Mtu anayekaa ufukweni hana hata kimoja cha hivyo, ama ni mchawi ama anasubiri mzigo wa magendo. Na mwaka ule watu walikuwa wanazika redio mashambani na kutupa majora ya vitenge chooni kwa hofu ya msako. Thadeo hayo yote alikuwa anayajua, mtoto wa ziwa kama mimi. Akaona kwamba kwa kuwa yeye hana magendo, basi hayamhusu.

Kamanda wa mgambo wa Murangi alikuwa anaitwa Masatu. Jumamosi hiyo asubuhi ndiye aliyemvuta Thadeo miguu kutoka kwenye matete, akapiga filimbi, watu wakajaa. Aliwaambia amemnasa mhujumu akimulika ziwani kwa kioo cha kamera ili kuwaita wenye mizigo, na kwamba bahati nzuri ziwani hapakuwa na hata mtumbwi mmoja, maana doria yake ni kali. Akataka kuifungua kamera pale pale. Thadeo, ambaye alikuwa amenyamaza wakati anapigwa makofi, alipoona mkono unakwenda kwenye kamera ndipo akapiga kelele, akailalia. Wakati wanamng'oa juu yake ikatokea Landrover ya polisi wa msako iliyokuwa inatoka Bunda. Humo ndani alikuwemo afande mmoja mwembamba aitwaye Silasi. Akachukua kamera, akasema sasa hicho ni kielelezo, asikiguse mtu.

Jumapili baada ya misa wakanijia studio wote watatu, Silasi, Masatu na Thadeo. Sikumtambua mdogo wangu mara moja. Jicho moja limevimba, pingu mikononi, na bado ananuka samaki. Wakamketisha kwenye benchi la wateja, chini ya pazia langu lenye picha ya ndege ya abiria. Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Nikamuuliza Afande Silasi kama siku hizi serikali imekosa wezi wa kweli mpaka inakamata walimu.

Silasi hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniwekea kamera mezani akanieleza taratibu, kama daktari. Kamanda anasema hii ilikuwa inamulika, haipigi picha yoyote. Mwalimu anasema alikuwa anapiga fisi maji. Nisafishe mkanda. Zikitoka picha za wanyama, mwalimu anarudi kwenye ubao wake. Asipotoka mtu wala mnyama, mkanda ukiwa mtupu, basi Jumatatu lori linakwenda Mwanza kwenye mahakama ya wahujumu, na Thadeo anakwenda nalo. Waliokwenda na lori lile tulikuwa tunawajua. Mpaka wakati huo hakuna aliyerudi.

Masatu akasema mimi ni dada wa mtuhumiwa, naweza kubadilisha mkanda humo ndani, kwa hiyo lazima aingie nami kama shahidi. Silasi akafikiri, akakubali. Na kweli, ningekuwa yeye ningekubali pia. Nikamwambia Masatu aingie, ila anisikilize vizuri. Humo ni giza tupu, mkanda nautoa kwenye kopo lake nauviringisha kwenye rili, kigurudumu chake, kwa kupapasa, halafu rili inaingia kwenye tangi na tangi linafunikwa. Mpaka nitakaposema tayari, mlango haufunguliwi. Mwanga ukiingia hata wa kufumba na kufumbua, picha zote zinaungua, hakuna wa kuzifufua.

Hayo nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya afande, kwa sauti ya kumkaripia.

Chumba changu cha giza kilikuwa stoo. Ukifunga mlango na kushusha blanketi, mkono wako mwenyewe huuoni. Nilifunga, nikaketi kwenye kigoda, tangi mapajani chini ya kanga. Masatu alisimama mgongo kwenye mlango. Joto lilikuwa la bati la saa nane mchana. Kitu cha kwanza nilichokisikia kwake kilikuwa harufu. Alikuwa ananukia sabuni, ile ya kuogea, ya manukato, yenye karatasi ya dhahabu. Mimi na mwanangu tulikuwa tunaogea majani ya mpapai. Nikajiuliza kamanda wa mgambo wa Murangi sabuni ile kaipata duka gani.

Nilifungua kopo, nikaupata mkanda, nikaanza kuuviringisha. Nje nilimsikia Silasi anazungumza na Thadeo. Alikuwa anamwambia kwamba kusema 'mimi ni mshairi' ni rahisi, hata yeye angeweza kusema ni askofu. Kama kweli anatunga, atunge hapa, ubeti mmoja, kuhusu huyo mnyama wake, wenye vina na mizani, na asimletee uliokwisha andikwa. Nami namjua Thadeo, anaweza kukaa wiki nzima na mstari mmoja.

Halafu Masatu akaongea, taratibu sana, karibu na sikio langu. Aliniuliza kama kamera hii inaonyesha na vitu vya mbali. Nikamjibu inategemea. Akauliza, kwa mfano kama mtu anapiga mnyama hapa karibu, na nyuma kule majini kuna kitu kinapita, kitatokea? Nikamuuliza kitu gani.

"Mtumbwi," alisema. "Tuseme mtumbwi unaotoka kisiwani Rukuba."

Vidole vyangu vikasimama. Kumbe palikuwa na mtumbwi. Ule ambao doria yake kali haikuuona.

Na wakati huo huo mkanda ukakwama. Wenye kazi yangu wanalijua balaa hilo. Vidole vikitoa jasho, mkanda unanata kwenye rili, hauendi mbele wala haurudi nyuma, ukiuvuta kwa nguvu unajikunja na picha zinagandana. Nusu ilikuwa imeingia. Nusu ilikuwa inaning'inia juu ya kanga yangu, wazi kabisa. Nikasikia viatu vya Masatu vinasogea, na chuma kikagusa chuma. Alikuwa ameshika komeo.

Niliogopa, sitasema uongo. Niliwaza kupiga kelele, lakini kelele ingemleta Silasi, naye angefungua mlango vilevile. Nikawaza lori la Mwanza. Sasa mimi ambaye sijawahi kumvumilia mteja anayepepesa macho, nikalazimika kuongea na yule mtu kama naongea na mkwe. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, hivi Kamanda, mkanda huu ukiungua kwa bahati mbaya, mimi nafaidika nini?

Komeo likaachiwa. Akacheka kidogo puani. Akaniambia alijua mimi ni mtu mzima mwenye akili. Mwalimu hatafungwa sana, yeye mwenyewe atamsemea kule Mwanza. Na nyumbani kwangu ataleta sukari. Nikamuuliza sukari kiasi gani, ya debe au ya gunia. Akasema gunia. Nikamwambia na sabuni? Na sabuni. Na kanga je, maana hii nayo imechakaa? Huku namdai vitu kama bibi harusi, huku napuliza vidole vikauke, nausukuma ule mkanda kidogo kidogo kwa kucha ya gumba. Ulikuwa unakwenda kwa ukaidi, hatua mbele hatua nyuma.

Nje Thadeo akaanza. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake.

*Fisi maji wa jabali, wewe nani kakuita,*
*Manyoya yako ni mali, samaki wamfuata,*
*Hupangi foleni kali, ya sukari na mafuta,*

Akaishia hapo. Silasi akamsubiri. Thadeo hakuwa na mstari wa nne. Nikamsikia Silasi anasema, "Ubeti una mistari minne, Mwalimu, hata mimi nilisoma."

Mkanda ukaachia. Uliingia wote kwa mkupuo, nikaitumbukiza rili kwenye tangi, nikakohoa kwa nguvu ili kifuniko kisisikike, nikakikaza mpaka mwisho. Umekwisha. Toka hapo tangi unaweza kuliweka juani sokoni, hakuna kinachoharibika.

Ningeweza kusema tayari, tukatoka. Lakini nilikuwa na hasira za siku mbili, na nilitaka kumjua huyu mtu ni wa namna gani. Nikamwambia:

"Subiri kidogo, Kamanda. Ndiyo kwanza naanza kuuvuta, wote uko wazi mapajani."

Hakusubiri hata nimalize kumeza mate. Blanketi likararuka, komeo likapiga, mlango ukafunguka mpaka ukutani. Mwanga wote wa mchana ukatumwagikia. Masatu akatoka anajipepea na kofia, anamwambia afande kwamba joto limemzidi, kidogo azimie, amefungua bila kukusudia, na kwa bahati mbaya sana mkanda umeungua. Alisema "bahati mbaya sana" mara mbili. Thadeo kwenye benchi alifumba lile jicho lake zima, na uso wake ukaanguka kabisa, kama wa mtu aliyeambiwa msiba. Hilo sijamsamehe Masatu mpaka leo.

Nikatoka na tangi langu chini ya kanga. Nikalitua mezani.

"Nani kakwambia umeungua?" nikamuuliza.

Sikusema zaidi, kazi ilikuwa bado. Dawa yangu ya kusafishia mkanda ilikuwa ya mwisho, ya chupa iliyokaa tangu mwaka juzi, imeshakuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa naitunza kwa picha ya komunyo ya kwanza ya Alfonce. Nilimimina yote. Kama imekufa, mkanda utatoka mtupu, na mimi nitakuwa nimempeleka mdogo wangu Mwanza kwa mkono wangu. Nikawa natikisa tangi, naliweka, natikisa tena. Masatu alisimama katikati ya chumba, hakai. Jasho lilimtoka mpaka ile harufu ya sabuni ikaisha. Silasi alikuwa anamtazama yeye, si mimi. Thadeo alikuwa anasogeza midomo, anahesabu mizani. Nikamimina dawa ya kukazia, nikasubiri, nikasuuza kwa maji ya ndoo. Halafu nikafungua kifuniko, nikauvuta mkanda, nikauinua dirishani.

Kwanza niliona weupe tu. Halafu zikaja. Hafifu, zimepauka, lakini zimekuja. Kwenye mkanda kila kitu kinakuwa kinyume, cheusi cheupe, kwa hiyo ziwa lilikuwa jeusi kama moshi, na juu ya jabali walikuwa wamekaa wanyama weupe, wakubwa wawili na mdogo mmoja. Mmoja kashika samaki kwa mikono miwili kama mtu anayekula hindi. Kwenye picha nyingine yule mdogo kampanda mama yake mgongoni. Nyingine wamesimama wima wote, wanatazama upande mmoja, masikio yamekaza. Na ya mwisho jabali peke yake, na viduara vya maji mahali walipozamia. Thadeo alisimama na pingu zake akaja kutazama begani mwangu.

Niliuchunguza mkanda ule toka mwanzo hadi mwisho, nikamwonyesha na afande. Majabali, matete, maji. Mtumbwi hakuna, hata kivuli chake.

"Afande," nikasema, "Kamanda kaniuliza humo ndani kama mtumbwi wa Rukuba umetokea kwenye picha. Kaniahidi gunia la sukari mkanda uungue. Mimi mtumbwi siuoni. Labda yeye akuonyeshe."

Masatu akaanza kucheka, akaacha. Akasema mwanamke huyu anamtetea ndugu yake. Silasi hakubishana naye. Alimuuliza jambo moja tu, kwa sauti ile ile ya daktari. Jana mbele ya watu wote alisema ziwani hapakuwa na mtumbwi. Leo huyu mama wa mjini, ambaye hakufika Murangi, amejuaje kwamba ulikuwepo, na kwamba umetoka Rukuba?

Hapo Masatu alimtazama Thadeo, nadhani alikuwa anasubiri atoe ushahidi wa mwisho, aseme alivyouona mzigo unashushwa na nani aliupokea. Sote tulimtazama Thadeo. Yeye alikuwa bado ameng'ang'ania ile picha ya fisi maji waliosimama wima.

"Kumbe palikuwa na mtumbwi?" alisema. Akageuka kwa Masatu, na hakuwa amekasirika hata kidogo, alikuwa na huzuni. "Kamanda, mimi sikuuona. Nilikuwa nawaangalia hawa. Ghafla wakakaza masikio wakazama wote, na tangu jana najiuliza ni nini kiliwaogopesha. Kumbe ni ninyi mliowafukuza."

Basi. Mtu kapigwa, kalala mahabusu, lori linamsubiri, na kilio chake ni hicho. Masatu alikaa kwenye benchi, pale pale chini ya ndege ya abiria, akaweka kofia magotini. Kama angemwacha Thadeo alale kwenye matete yake, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Silasi akachukua ufunguo, akamfungua mdogo wangu pingu, akamfunga nazo Masatu. Akamwambia wataanzia nyumbani kwake Murangi, waone hiyo sukari iko wapi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Matusi niliyokuwa nayo yangemtosha kutoka Musoma mpaka Mwanza na chenji ikabaki. Lakini Silasi alisimama mlangoni, akamwambia Thadeo kwamba bado anamdai mstari wa nne.

Thadeo alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, pale pingu zilipochuna. Alimtazama yule mtu aliyemvuta miguu kutoka kwenye matete, ambaye sasa kainama na pingu zile zile mikononi. Halafu akausema, polepole, na sikujua kama anamwambia fisi maji au anamwambia yeye.

*Nimekaa kule mbali, sitaki kukukamata.*

Silasi alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali. Masatu hakuinua uso. Na mimi na mdomo wangu wote huu, nilinyamaza, nikaenda kumfungulia Kamanda mlango.